Msikiti Usiosaliwa

Mgeni avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, akashuka ufukweni, akaipita ngome ya Gereza na kufuata njia ya miguu mpaka mbele ya Msikiti Mkuu, ambao ukumbi wake wa kaskazini wataalamu wa mambo ya kale wanauhesabu kuwa ni wa karne ya 11 au ya 12, hujikuta mlangoni na mas-ala ambayo hapana kibao kiwezacho kumtatulia: avue viatu au asivue? Ndani anaziona nguzo za upanuzi ulioanzwa katika karne ya 14, ukaporomoka, kisha ukasimamishwa tena katika karne ya 15, na juu yake kuba na matao, mengine mazima na mengine yamefunguka yakaacha mbingu ionekane. Anaiona mihrabu ikielekea kibla. Lakini haoni mkeka, hamsikii muadhini, wala hapati imamu wa kumuuliza. Akivua, amekiri kwa kitendo kwamba nyumba ile ingali msikiti; asipovua, amehukumu, ajue asijue, kwamba nyumba ya ibada ikikosa wenye kusali hurejea kuwa mawe na chokaa. (Sharia, najua, haikumkataza mtu kuingia msikitini na viatu vilivyotahirika, nasema juu ya ada ya mwambao, ambayo kwa watu wengi imeshika zaidi kuliko fat-wa.)

Rai nyingi zitolewazo juu ya kuhifadhi athari za kale hupita pembeni ya mas-ala haya bila ya kuyagusa. Huzungumzwa fedha za watalii, hutajwa fahari ya taifa, huelezwa umri wa kuta na tarehe za masultani, kana kwamba mahali patakatifu ni kitu cha zamani tu, sawasawa na mzinga wa Mreno au sarafu ya shaba, ila hiki kina mihrabu. Nami naona kwamba mtu hawezi kujua namna ya kukilinda kitu kabla hajajua ni kitu gani, na ni nani aliyempa kazi ya kukilinda.

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili bila ya jawabu. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea mwambao wote tangu Barawa hadi Ngazija, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika darsa za Lamu na Unguja, kwamba msikiti ukianguka na isiwezekane kuusimamisha tena, hauuzwi kwa hali yoyote; na washereheshaji wakatoa sababu, kwamba ardhi ile imekwisha kutoka katika milki ya waja, na kwamba maadamu mtu anaweza kusimama juu yake akasali, hata ikiwa ni peke yake na jua limempiga kichwani, lile lililokusudiwa halijaondoka. Wafuasi wa Imamu Ahmad bin Hanbal wameona vingine: wao wamejuzisha msikiti uliokosa faida uuzwe na thamani yake itiwe katika msikiti mwingine, na hoja yao kubwa ni ile khabari ya Sayyidna Umar kumwandikia Saad bin Abi Waqqas auhamishe msikiti wa Kufa baada ya kuvunjwa hazina ya mali ya umma. Na Mahanafi wamehitilafiana wenyewe kwa wenyewe, Abu Yusuf akisema unabaki kuwa msikiti milele, na Muhammad bin al-Hasan akisema hurudi kwa aliyeujenga au warithi wake pindi watu wauhamapo. Kila mmoja ana dalili yake, na si kazi yangu hapa kuwapatanisha; lakini kwa mtu wa pwani, ambaye babu zake waliowakifu majengo yale walikuwa Mashafii kwa maelezo ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuyataja madhehebu yao, ni aula kuuhukumu wakfu wao kwa kauli waliyoifuata wenyewe. Kwa kauli hiyo msikiti wa Kilwa ni msikiti hata leo, asubuhi hii.

Itazame sasa sheria ya serikali. Sheria ya mambo ya kale iliyotungwa mwaka 1964 kwa Tanzania Bara imechora mstari katika mwaka 1863: jengo lililotangulia mwaka huo linalindwa kwa umri wake, na lililokuja baadaye hungoja kutangazwa. Kwa mujibu wa sheria hiyo mtu haruhusiwi kubomoa ukuta Kilwa, wala kuchimba ndani yake bila ya idhini. Na hilo ni jambo la kushukuriwa, kwani magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yalikaribia kutuponyoka, hata yakaandikwa mwaka 2004 miongoni mwa yaliyo hatarini, na hayakutolewa katika orodha hiyo ya hatari mpaka mwaka 2014, baada ya kuta kutiwa chokaa upya na mikoko kupandwa ili kuzuia bahari isile ufukwe. Lakini sheria hii imejua jambo moja tu, nalo ni ukale. Haiulizi jengo lilijengwa kwa ajili ya nini. Mbele yake msikiti, ngome, kisima na nyumba ya tajiri ni sawa, na mlinzi wake ni mtumishi wa serikali ambaye ameamrishwa kuzuia kitu kisibadilike, hakuamrishwa kuhakikisha kwamba kinaendelea kufanya kazi yake.

Wakfu, kwa upande mwingine, umejengwa juu ya mambo mawili yaendayo pamoja: ain ya kitu, yaani kitu chenyewe, huzuiliwa isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, na manufaa yake huachiwa watu katika njia aliyoitaja mwenye kuwakifu. Mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, si mmiliki. Akikarabati, akikodisha vibanda vya wakfu ili apate mafuta ya taa na ujira wa mwenye kufagia, akimweka imamu au kumwondoa, yote huyafanya kwa niaba ya mtu aliyekwisha kufa na kwa maslahi ya watu ambao baadhi yao hawajazaliwa. Na sharti la aliyewakifu, maadamu halikupingana na dini, hushikwa kwa nguvu kiasi cha kwamba mafakihi wamelifanya karibu na nassi. Nadai kwamba humu imo kanuni ya kuhifadhi iliyo kongwe kuliko sheria za mambo ya kale, na iliyo kali kuliko hizo. Na kwamba mahali patakatifu popote, pawe pa Waislamu au pa wasiokuwa Waislamu, ni amana yenye sharti, na kupahifadhi ni kulihifadhi lile sharti kwanza, na mawe kwa kadiri sharti linavyoyahitaji.

Mfano mzuri upo Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Apitaye njiani ataona msikiti mdogo wa kijiji, paa la bati, kuta nyeupe, hauna kinachomwambia kwamba ndani yake imo mojawapo ya athari kongwe za Uislamu katika Afrika ya Mashariki. Akiingia na kuukabili ukuta wa kibla, ataona maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la tumbawe, herufi zimesimama wima na ncha zake zimechipuza majani na maua, na katika maandishi hayo umo mwaka 500 wa Hijria, nao ni 1107 wa Miladi. Sehemu kubwa ya jengo lilimo jiwe hilo ilijengwa upya katika karne ya 18, na bati, hapana haja ya kusema, ni la juzi. Mwenye kupenda mawe atasikitika kwamba si lote la asili. Mimi naona kwamba hiyo ndiyo sababu ya mihrabu ile kuwapo. Waliosali pale waliangukiwa na paa wakaezeka jingine, ukuta ukalegea wakaujenga, na kila walipojenga walilikuta jiwe lile mahali pake wakaliacha, kwa kuwa lilikuwa likiwaonyesha kibla. Miaka zaidi ya 900 limelindwa na watu ambao hawakuwa wakilinda jiwe. Walikuwa wakitafuta mahali pa kusali Ijumaa.

Na kwamba hii ndiyo iliyokuwa dasturi ya wahenga wetu imethibitishwa na waliochimba. Katika miaka ya 1980, Mark Horton na wenzake walifukua Shanga, mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate, na chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe wakakuta athari za misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, ile ya chini kabisa ikiwa ni ya miti, ambayo haikuacha ila alama za mashimo ya nguzo ardhini, na ambayo huhesabiwa kuwa ya karne ya 8. Kila kizazi kilibomoa au kiliachia kibomoke, kisha kikajenga palepale. Lau kungalikuwa na afisa wa mambo ya kale katika Shanga ya karne ya 9, akawazuia wasiuguse ule msikiti wa miti, pengine tusingalipata ule wa mawe. Na lau wao nao wangalichukua miti yao wakajenga mahali pengine, leo pale pasingalikuwa na kitu cha kuchimba.

Hata hivyo sitaki nidhaniwe kuwa nampa ruhusa kila mwenye kusali avunje apendavyo, maana upande huo nao una maafa yake, na kwa kusema kweli misikiti ya kale iliyoharibiwa na watu wenye ikhlasi ni mingi. Hutokea mfadhili, Mungu amlipe kwa nia yake, akaleta vigae vya sakafu na mifuko ya saruji, na kabla ya mwezi kwisha zidaka zilizochongwa zimezibwa, mihrabu imevishwa marumaru ya kiwandani, na jiwe la kusugulia miguu lililokuwa kando ya birika, lililolainishwa na nyayo za watu wa karne kadhaa, limetupwa nje pamoja na kifusi. Saruji yenyewe, wanavyojua waashi wa Kilwa na wa Lamu, ni adui wa ukuta wa tumbawe. Ukuta ule ulijengwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, ikatiwa maji, ikaachwa miezi mpaka ikaiva. Ni ukuta unaopitisha unyevu, unakunywa mvua na kuirudisha hewani. Ukiupiga saruji, maji ya chumvi yaliyomo hayana pa kutokea, chumvi huganda ndani ya jiwe, na baada ya miaka michache uso wa ukuta hubanduka vipande vipande na kuondoka pamoja na nakshi yake. Mfadhili amekwisha ondoka, na jina lake limebaki juu ya mlango.

Hapo wakfu unatuamua sawasawa. Manufaa ni ya wanaosali leo, lakini ain si yao; wamepewa waitumie, waitengeneze kwa namna isiyoipunguza, na waikabidhi. Mwenye kuipiga saruji mihrabu ya karne ya 12 amekula haki ya watu wasiokuwapo, jambo ambalo mutawali yeyote angehukumiwa kwalo lau angaliuza shamba la wakfu apate kula nyama kwenye sikukuu.

Makaburi ni mlango mgumu zaidi. Pwani yetu imejaa makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu, ambayo mfano wake ni nadra katika nchi nyingine za Kiislamu, na kwa upande wa pili ipo hadithi ya Ali bin Abi Talib katika Sahihi Muslim ya kutoacha kaburi lililoinuliwa ila lisawazishwe, nayo wanaoishika kwa dhahiri yake hawaishii katika kuchukia. Mwaka 1926 makuba ya Baqii, katika mji wa Madina, juu ya makaburi ya watu wa nyumba ya Mtume na masahaba wake, yalibomolewa yote kwa hoja hiyo. Husimuliwa pia kwamba Sayyidna Umar aliukata ule mti uliofanyiwa bai'a ya Ridhwan chini yake, alipoona watu wanaukusudia kwa sala. Ingawa katika Bukhari imepokewa kwamba waliohudhuria wenyewe waliporudi mwaka uliofuata hawakuujua ni upi, na mti usiojulikana ni vigumu kuukata. Sina nia ya kuipuuza hofu iliyo nyuma ya khabari hizi. Anayepeleka ubani na marashi kaburini akamwomba maiti mvua amekwenda njia ambayo dini haikumwelekeza.

Lakini tafauti ni kubwa baina ya kukataza tendo na kuangamiza mahali. Katika makaburi ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, sahani za Kichina zilizopachikwa katika chokaa zimebanduliwa, na katika baadhi ya mahali pake pamebaki duara tupu, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, na pengine ukingo mwembamba wa kauri uliokataa kutoka. Aliyezibandua hakuwa akiitetea Tauhidi, alikuwa akitafuta wa kumuuzia. Na Takwa, katika kisiwa cha Manda, mji uliohamwa mwisho wa karne ya 17 na ambao watu wa Shela hujinasibisha nao, wazao hao wamekuwa wakivuka kwenda kwenye kaburi la nguzo lililoko huko kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Mwenye kuchelea shirki ana haki ya kuwauliza wanamwomba nani, na wakijibu kwamba wanamwomba Mungu, amewajibika kuwasadiki. Lakini akilivunja kaburi, shirki, kama ilikuwamo, itabaki mioyoni ilipokuwa, na kitakachopotea ni ule mkutano uwakusanyao watu wa mji na asili yao. Sharti la kaburi katika dini yetu ni jepesi: lisikanyagwe, lisikaliwe, lisifukuliwe, lisiabudiwe, na liwakumbushe walio hai akhera. Kaburi la nguzo lililoegemea upande katika kichaka cha mikwaju linalitimiza sharti hilo la mwisho kuliko khutba nyingi nizijuazo.

Nimesema pawe pa Waislamu au pa wasiokuwa Waislamu, na najua wapo watakaoona kwamba hapo nimevuka mpaka. Nawakumbusha aya ya 40 ya Suratul Hajj, ambayo katika kutaja nyumba zinazokingwa zisibomolewe imezitaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi kabla ya kuitaja misikiti. Na ile riwaya ya wanahistoria kwamba Umar, alipokuwa Baitul Maqdis na wakati wa sala ukamkuta ndani ya Kanisa la Ufufuo, alitoka akasali nje, asije Mwislamu wa baadaye akalidai kanisa kwa kuwa Umar amesali humo. Aliliogopea kanisa athari ya ibada yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho hatuna udhuru wa kutojali kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoko nyuma ya pwani ya Kenya, ambamo yalikuwamo maboma ya wahenga wao na ambayo wazee wa kaya wameilinda kwa miiko: asikate mti mtu, asiingie na viatu mahali fulani, asichukue hata kuni kavu. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya hizo kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 zikaandikwa katika urithi wa dunia. Miti iliyopona humo kwa sababu ya mwiko haikulindwa na mwanabotania, ingawa sasa wanabotania ndio wanaoisifu.

Na Wamijikenda ndio waliotuletea mas-ala yaliyo mazito kupita ya Kilwa. Wagiriama, walio miongoni mwao, humsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyekufa kigango, gogo refu lililochongwa kichwa cha duara na kukatwa nakshi za pembetatu, na sharti lake linajulikana: kikisimamishwa hakihamishwi, na kinaachwa kiliwe na mchwa na mvua pale pale kilipo, hata kama wenye boma wamehama. Kuanzia miaka ya 1970 vigango kwa mamia viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanya biashara ya sanaa, vikaishia katika majumba ya makumbusho na ya matajiri wa Marekani, wakavipangusa vumbi, wakavitia taa, wakavilinda na mchwa. Kwa sheria ya ukale vilihifadhiwa kwa namna isiyo na kifani. Kwa sharti la waliovisimamisha, kila siku vilivyokaa mle vilikuwa vinavunjiwa heshima. Baadhi vimekwisha kurejeshwa. Jumba moja la mji wa Denver peke yake liliamua kurudisha 30. Tatizo ni kwamba vingi havijulikani vilitoka boma gani, na kwa hiyo vikifika nyumbani huelekea ghala jingine, safari hii la Kenya.

Mafakihi wameuzungumza wakfu ambao walengwa wake wamekatika hawajulikani, na kauli iliyo mashuhuri kwa Mashafii ni kwamba haufi wala haurudi kuwa milki, bali huwaendea jamaa walio karibu zaidi na mwenye kuwakifu. Sioni kwa nini hukumu hiyo isitufae. Jamaa walio karibu wa wenye vigango visivyojulikana ni wazee wa kaya za Wagiriama, na hao ndio wapewe, bila ya sharti la kioo wala la dawa ya mchwa. Wakiamua viwekwe mahali pa kutazamwa na watoto wa skuli, ni shauri lao. Wakiamua kuvisimamisha ukingoni mwa msitu mvua ivinyeshee, mkuu wa makumbusho na atie sahihi, awakabidhi, na asirudi mwaka wa pili kuangalia vimebaki vingapi.